Kipande cha Pili cha Sehemu ya Kumi na Tatu

Mwezi uliopita niliwakabidhi nyinyi vijana ufunguo wa duka, nanyi mkaniomba niandike ninayoyakumbuka kwa sababu, mlisema, mambo mengi yamo kichwani mwangu na hayamo kwenye kompyuta. Mlisema kwa adabu. Nilielewa maana yake ni kwamba kichwa changu chaweza kuondoka wakati wowote bila kuaga. Basi naandika. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitaziandika. Duka letu lilikuwa la watu wachache, na mahali pa kupanda palikuwa pamoja tu, ngazi ya rafu.

Nilizaliwa upande wa Kaloleni, nikaja Changamwe kukaa kwa shangazi yangu nilipomaliza shule. Duka la Mwalimu Shee lilikuwa barabarani, baina ya fundi cherehani na mwuza nyama, na malori ya mafuta yalipita mbele yake tangu alfajiri. Lori likipita, kanda za video zilisogea kidogo kidogo kwenye rafu mpaka zikaanguka. Mwalimu alipigilia kipande cha ubao mbele ya kila rafu. Alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi kabla ya kufungua duka la kukodisha kanda, na bado alizungumza kama mtu mwenye ramani ukutani. Alinitazama, akaniuliza swali moja tu: "Waweza kukumbuka hadithi uliyosimuliwa mara moja?" Nikasema naweza. Akanipa kitambaa cha kufutia vumbi.

Siku ile ile ya kwanza nilimpeleka mtu harusini bila mwaliko. Alikuja mwendesha winchi wa bandarini, bado na kofia ya kazi kichwani, akasema, "Dada, nipe sehemu ya tatu ya ule mchezo." Mchezo ulikuwa wa kuigiza, wenye kanda tano. Nikampa kanda ya tatu, nikajiona hodari. Kesho yake akarudi, akaiweka kanda mezani polepole.

"Dada, jana umenipeleka harusini. Bi harusi simjui, bwana harusi simjui, na watu wote wanalia. Kwani kuna nini?"

Kila kanda ilikuwa na sehemu tatu za mchezo. Yeye alitaka sehemu ya tatu, iliyokuwa mwishoni mwa kanda ya kwanza. Mimi nilimrukisha mpaka ya saba. Mwalimu Shee alimwomba radhi, akamtafutia kanda yake, na hakucheka mpaka mtu yule alipovuka barabara. Kisha akachukua chaki akaandika maneno matatu kwenye ubao wa rafu.

"Kanda ni chombo," alisema. "Sehemu ni hadithi. Kipande ni pale chombo kilipoikata hadithi kwa sababu hakikutosha. Vyombo vitabadilika, Dama. Mimi na wewe tutaviona vikibadilika. Hadithi haibadiliki. Mteja usimwulize amefika kanda ya ngapi. Mwulize mara ya mwisho nani alikuwa akifanya nini."

Tangu siku hiyo nikawauliza hivyo. Wateja wetu walikuwa watu wa zamu, wa bandarini, wa uwanja wa ndege, wa hospitali ya Port Reitz, na mtu wa zamu hatazami mchezo kwa mpango. Hutazama akipata nafasi, husinzia katikati, huamshwa na mtoto. Akija dukani hakumbuki namba yoyote. Lakini muuguzi mmoja aliniambia, "Yule mama alikuwa ameshika barua, hajaifungua," nami nikanyoosha mkono bila kufikiri: sehemu ya tisa, kanda ya tatu, mwisho. Mwalimu alinipa daftari la jalada gumu nikaandika humo kila kanda imebeba nini, inaanzia wapi, inakatika wapi. Lilipojaa alinipa jingine. Yako kumi na manne katika kabati la chini. Najua mnaona yamechukua nafasi ya nyaya. Zitafutieni nyaya pahali pengine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mashine mbili za video, bisibisi ndogo, chupa ya spiriti, na vitambaa laini ambavyo shangazi yangu alivikata kutoka kwenye shuka kuukuu. Hewa ya pwani haina huruma na kanda. Ukungu mweupe huota pembeni mwa utepe, na ukiiingiza kanda kama hiyo kwenye mashine, ukungu unapaka kichwa cha mashine na kila kanda itakayofuata inaugua. Mwalimu alinifundisha kufungua kanda, kuupitisha utepe wake kwenye kitambaa kwa mkono, taratibu, bila kuvuta. Kwa kazi hiyo nilikaa wiki mbili bila kufanya jingine. Mkono ulijifunza kabla yangu.

Vyombo vikabadilika kama alivyosema. Zilikuja sidii, kisha dividii, watu wakaacha kukodi, tukaanza kuwahamishia kanda zao za nyumbani kwenye diski. Harusi, mazishi, michezo waliyoirekodi kutoka kwenye televisheni. Kazi ile ilikuwa na sheria moja isiyopindika: kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja. Huwezi kuiharakisha. Wengine waliwasha mashine wakaenda zao. Mwalimu alinikataza kuondoka. "Ukiondoka, kanda itakwama, na utampa mtu harusi ya mwanawe isiyo na bwana harusi." Basi nilikaa nikisikiliza huku nikichambua mchicha wa jioni. Nadhani nimechambua mchicha wa kata nzima mbele ya harusi za watu.

Mwalimu alipofariki, Mungu amrehemu, nilibaki nikiliendesha duka, na hapo ndipo ilipokuja kazi mnayoijua nyinyi. Watu wakawa na diski zilizojaa mafaili na televisheni inayoyasoma, na hakuna aliyejua kilichomo. Nikaanza kuitwa majumbani. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa familia moja ya Port Reitz, baba, mama na mabinti watatu, hawasemezani vizuri. Mchezo wao waliupenda sana, lakini televisheni iliwaonyesha sehemu ya kwanza, kisha ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ndipo ikarudi ya pili. Mama alimshuku binti mkubwa kuwa aliyavuruga. Binti mkubwa alimshuku baba. Nikaongeza sifuri mbele ya kila namba ya tarakimu moja, ikawa 01, 02, 03, mpaka 09.

"Sifuri tu?" aliuliza baba.

"Sifuri tu."

"Tumenuniana miezi miwili kwa sababu ya sifuri?"

Mke wake akamwambia, "Mimi sikukununia kwa hilo peke yake," na nikaona huo ndio wakati wangu wa kufunga mkoba.

Kwa hiyo nawaandikia yale muhimu, mkiona ni ya kitoto yarukeni. Mchezo mmoja, folda moja. Msimu mmoja, folda yake ndani. Namba za tarakimu mbili. Faili moja likibeba sehemu mbili, liandikwe namba zote mbili, la sivyo mwenye kutafuta ya pili ataambiwa haipo na huku iko mbele yake. Na sehemu moja ikikatwa mafaili mawili, majina yawe sawa herufi kwa herufi, kisha mwishoni tu muandike kipande1, kipande2. Hapo programu yetu ya kuonyeshea, iliyowekewa neno hilo, huyaunganisha, mtazamaji asijue palikatwa. Msiandike kitu kingine chochote badala ya neno hilo. Hili nitawaeleza nililijua vipi, maana halikutoka kitabuni. Lilitokana na kosa langu.

Mwaka huu, miezi michache kabla sijaacha kazi, alinipigia simu mwanamke aitwaye Saumu. Anafanya kazi uwanja wa ndege na anakaa Port Reitz, lakini alitaka niende Jomvu Kuu kwa mama yake, Bi Mishi. Marehemu baba yake, Mzee Hamadi, alikuwa mfanyakazi wa bohari la mafuta hapa Changamwe, na katika siku zake za mapumziko aliigiza. Alikuwa baba wa nyumba katika mchezo wa televisheni uliochezwa na kikundi cha watu wa huku huku. Sitautaja jina, wenyewe wengine wako hai na wanapenda kuulizwa ruhusa. Ulikuwa na sehemu kumi na tatu, na mzee alizirekodi zote nyumbani kwa mashine yake ya video.

"Zimo kwenye diski," Saumu aliniambia kwenye simu. "Zimepangika vizuri tu. Ni mama. Ashikilia kwamba kuna kitu kimepotea mwishoni. Kila siku ni hilo. Nataka mtu wa kazi aje amwambie kwamba hakuna, apumzike." Akaongeza, "Wiki iliyopita alisahau jiko likiwaka. Mimi nataka nimhamishe aje kwangu, hataki. Dada Dama, mimi naogopa."

Nilikwenda asubuhi. Nyumba ilikuwa karibu na msikiti, njia ya kwenda mikokoni, uani kumefagiliwa hata mchanga una mistari. Nikabisha hodi.

"Karibu! Ni nani?"

"Ni mimi, Dama wa dukani Changamwe. Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba mwanangu. Pita, keti. Umekuja kuniambia nina wazimu?"

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kanga mbili, macho makali. Saumu alikuwako, amesimama mlangoni na sare ya kazi, akaangalia chini.

"Nimekuja kutazama mafaili," nikasema.

"Haya, tazama. Ndiyo kazi yako."

Nikaiwasha televisheni nikafungua sehemu ya kumi na tatu. Nitawaeleza, maana bila hivyo hamtaelewa. Katika mchezo ule, binti amerudi kwa baba yake baada ya miaka mingi, aliondoka kwa ugomvi. Anabisha hodi, jua linatua. Mzee Hamadi anafungua, anamtazama muda mrefu sana. Binti anasema, "Baba, ni mimi." Mzee anaufunga mlango. Mlango unajaa televisheni nzima, na faili linaisha.

"Umeona?" alisema Saumu. "Ndio mwisho. Ni mwisho mkali, lakini ndivyo walivyoutunga. Ulipoonyeshwa nilikuwa mtoto, sikumbuki; tangu tuhamishie kwenye diski tumeutazama hivyo."

"Siyo mwisho," alisema Bi Mishi. "Kulikuwa na asubuhi yake. Kulikuwa na uji. Niliupika mimi uji ule, wallahi, kwa sufuria yangu, hapa jikoni. Walikuja kuchezea nyumba hini."

"Mama, labda ulikuwa uji wa siku nyingine."

"Siku gani? Mimi nilipikia watu wa televisheni siku nyingine gani?" Akanigeukia. "Mwanangu, nikwambie. Nasahau jiko, kweli, nasahau. Nasahau majina ya watoto wa jirani. Lakini wajukuu zangu hawakumkuta babu yao. Wanamjua kwa kitu hiki tu. Wakicheza hapo uani, mmoja akimfungia mwenzake mlango, husema 'nimekufanyia babu.' Umesikia? Nimekufanyia babu. Hamadi hakuwa mtu wa kufunga mlango. Hata katika mchezo hakuwa."

Nikafanya lile ninalolijua. Nikaangalia jina la faili. Liliandikwa tu: Sehemu 13. Nikaangalia mengine, yote yaliandikwa namna moja, Sehemu 01, Sehemu 02, na nafasi moja kabla ya namba. Ule mtindo niliujua.

"Saumu," nikauliza, "kanda hizi zilihamishwa wapi?"

"Dukani kwenu. Baba mwenyewe ndiye aliyezileta, zamani, nyinyi mkampa dividii. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye dividii nikaziweka kwenye kompyuta, halafu kwenye diski hii."

"Ulipozitoa, ulifuta faili lolote?"

Akafikiri. "Kulikuwa na moja limejirudia tu. Lile ambalo kompyuta huliandika mbili kwenye mabano. Nakala. Nikafuta nakala."

Nikakaa chini kwenye mkeka, ingawa kiti kilikuwapo.

Mnajua nyote kwamba ukinakili faili mahali lilipo jingine la jina lile lile, kompyuta huliongezea mbili ndani ya mabano. Kila mtu mwenye akili akiona mabano hayo hudhani ni nakala. Sasa, siku nilipohamisha sehemu ya kumi na tatu ya Mzee Hamadi, sehemu yenyewe ilikuwa ndefu kuliko zote, ikapita mwisho wa kanda na kuendelea kwenye kanda nyingine. Nikawa na mafaili mawili. La kwanza nikaliita Sehemu 13. La pili, kwa uvivu, au kwa kujiona nimeshaelewa kazi, nikaliita Sehemu 13 (2). Nilimaanisha kipande cha pili. Mwalimu alikuwa ameniandikia neno lenyewe kwa chaki nami sikulitumia. Mimi niliandika vibaya, na Saumu akasoma sawasawa.

"Bi Mishi," nikasema, "huna wazimu. Kipande cha pili kilikuwako. Kosa ni langu mimi, ndimi niliyelipa faili jina baya, likafutwa kwa sababu ya jina hilo."

Saumu alijishika kinywa. Nikangoja Bi Mishi anifukuze. Badala yake akauliza, "Sasa kimekwenda wapi?"

"Kwenye diski hakiko. Dividii ile iko wapi?"

Saumu akasema zote alizitupa zilipoanza kukwaruzika. Nikasema nitarudi, nikaomba siku mbili. Kusema kweli sikuwa na matumaini. Niliomba siku mbili kwa sababu sikuweza kumtazama mama yule tena asubuhi ile.

Nilifungua kabati la chini nikayatoa madaftari. Nilitafuta tangu tulipofungua duka mpaka adhuhuri. Katika daftari la tisa, kwa mwandiko wangu wa ujana, uliojaa mapambo yasiyo na faida, nikakuta: Mzee Hamadi, Jomvu. Sehemu ya 13, kanda ya sita mwisho, yaendelea kanda ya saba mwanzo. Baadaye mpira.

Mpira. Mzee alikuwa amechukua kanda mpya ili amalizie mchezo, na nafasi iliyobaki akarekodia mpira. Nikampigia simu Bi Mishi.

"Bi Mishi, zile kanda zenyewe mlizitupa?"

"Saumu alitaka kuzitupa. Nikamwambia za Hamadi hazitupwi."

"Kuna iliyoandikwa mpira?"

"Ziko tele. Hamadi na mpira wake. Njoo uzitazame mwenyewe."

Zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, zimefungwa ndani ya kanga. Za mpira zilikuwa tano. Zote zilikuwa na ukungu, na kwa moja ulikuwa umeota kama unga. Nilizibeba mpaka dukani nikazishika moja moja. Wengine wenu mliniona siku ile mkadhani nimeanza kurudia utoto, nimekaa na kitambaa na utepe mapajani. Mashine yetu ya video ya mwisho ilikuwa haijawashwa miaka mingi. Niliifungua, nikakisafisha kichwa chake, nikabadilisha ule ukanda wa raba unaozungusha magurudumu yake kwa ule uliotolewa kwenye mashine iliyokufa. Kanda ya kwanza ilikuwa mpira mtupu. Ya pili mpira. Ya tatu ikakwama, nikaitoa kwa bisibisi jasho likinitoka. Nikaisafisha tena, nikairudisha. Picha ikaja na mawimbi meupe, kisha ikatulia, nikaona baraza, na asubuhi.

Sikutazama zaidi. Nilihisi si haki yangu kuwa wa kwanza. Nikaizima, nikaipakia mashine ile ndani ya boksi, nikaipeleka Jomvu Kuu kwa pikipiki ya mizigo, nimeipakata kama mtoto mchanga.

Saumu alikuwa amewaleta watoto wake wawili. Tukaunganisha mashine na televisheni, na kompyuta yangu katikati ili ihamishe wakati tukitazama, maana sikuwa na hakika kanda ile itakubali kupita mara ya pili. Nikabonyeza.

Mlango ule ule. Unafunguliwa kutoka ndani. Mzee Hamadi anatoka na kanzu ya asubuhi, anamkuta binti yake amelala barazani, amejikunyata juu ya mfuko wake. Anasimama. Anafungua kinywa na hapati la kusema. Yule mtu alikuwa anajua kuigiza, ningemjua mapema ningemshika mkono. Kisha ikaja sauti kutoka jikoni, ndani ya nyumba, ya mwanamke ambaye haonekani: "Uji u tayari. Mwambie mgeni aingie, utapoa."

Saumu aligeuka kama aliyeguswa na moto. "Mama! Hiyo ni sauti yako!"

Bi Mishi alikuwa ameutazama ukuta.

"Mama, hiyo si sauti yako?"

"Aliyetakiwa kuyasema hayo hakuja siku ile," alisema taratibu. "Babako akaniomba. Akasema, sema kama unavyoniambia mimi. Nikasema. Siku zile mke wa mtu kusikika kwenye televisheni, watu wangelisema mengi. Tukakubaliana hatumwambii mtu."

"Miaka yote hii hukutuambia?"

"Na nyinyi hamkuniuliza. Mliniuliza nimesahau nini."

Kwenye televisheni Mzee Hamadi aliingia ndani, akatoka na bakuli mikononi, akaketi chini barazani kando ya binti yake, akamwekea bakuli mbele yake. Hakuomba msamaha wala hakumpa. Aliupuliza uji, basi. Mchezo ukaishia hapo, ukakatika, ukaja mpira, na mtangazaji akapiga kelele hata tukashtuka sote. Watoto walicheka. Mdogo akauliza, "Nyanya, babu alimpa uji?"

"Alimpa. Uliona mwenyewe."

Saumu alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, kichwa mapajani pake. Sikusikia alichosema, na kama ningelisikia nisingeliandika. Mimi nilikuwa nikitazama ule mstari kwenye kompyuta ukifika mwisho, kipande kimehama salama. Kanda yenyewe ilikatika ilipokuwa ikirudishwa nyuma. Ilikuwa imengoja vya kutosha.

Jiko bado alilisahau mara mbili baada ya hapo, sitawaficha. Lakini Saumu hakumhamisha. Alimtafutia jiko linalojizima lenyewe, na yeye na watoto hulala Jomvu siku zake za mapumziko. Alichoacha ni kule kumsahihisha mama yake kwa kila neno.

Kabla sijaondoka siku ile niliyapanga mafaili mbele yao. Nikaandika herufi kwa herufi: Sehemu 13 kipande1, Sehemu 13 kipande2. Programu ikayaunganisha, mlango ukifungwa sasa hufunguka bila mtu kugusa kitu. Kisha nikafungua ile nafasi ya kuandikia majina ya waigizaji katika programu. Nikaandika Hamadi. Nikaandika wengine ambao Bi Mishi aliwakumbuka, na aliwakumbuka wote, na baba zao.

"Na wewe, Bi Mishi?" nikauliza.

"Mimi nini? Mimi sikuonekana."

"Umesikika."

Akajitanda kanga yake vizuri, kama mtu anayetaka kupigwa picha. Saumu alimtazama, akangoja. Nje mwadhini alikuwa akianza kuadhini adhuhuri, na Bi Mishi alingoja mpaka akamaliza.

"Haya, andika," alisema. "Mishi binti Omari. Na herufi zake zisiwe ndogo kuliko za Hamadi."